Baiskeli ya zamani ya mbio: dalili, chanzo, na kipuri kitakachoingia

Baiskeli za mbio za chuma zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980, zile zenye mabomba membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, bado zinaonekana kwenye mitumba inayotoka Ulaya na Japani. Fremu mara nyingi ni nzima kabisa. Taabu huanza mtu anapotaka kuifufua: ananunua gurudumu haliingii, breki hazifiki kwenye rimu, usukani unazunguka ndani ya shingo yake. Hela inaisha, fremu inaning'inia ukutani.

Msimamo wangu, na utauona kote humu, ni kwamba baiskeli ya aina hii haifufuliwi ili ishindane na za leo. Inafufuliwa ili uipande kutwa bila mgongo wala mikono kulalamika. Hivyo hela nyingi iende kwenye tairi, siti, usukani na breki, na kwenye gia uchague kipuri kinachosamehe tofauti za vipimo.

Kwanza pima

Tafuta rula ya chuma. Ukiazima venia, kipimio cha mataya, kwa fundi ni bora zaidi. Toa gurudumu la nyuma upime upana wa uma wa nyuma, sikio kwa sikio, upande wa ndani pale ekseli inapokaa. Utapata kitu karibu na milimita 120, 126 au 130. Uma wa 120 ulibeba friwili (fungu la sproketi, yaani magurudumu ya meno, linalosokotwa kwenye habu ya nyuma) ya sproketi tano, wa 126 sita au saba, na wa 130 ndio uliokuja na sproketi nane na kuendelea.

Kisha soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ile yenye kistari, kwa mfano 28-622 au 32-630. Namba ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Pima pia kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki hadi katikati ya ukingo wa rimu, raba inapotakiwa kugusa. Chomoa nguzo ya siti utafute namba iliyogongwa chini yake: 26.4, 26.8, 27.2 na nyingine za katikati, zikipanda kwa 0.2. Mwisho pima shingo ya usukani sehemu mbili, inaposhuka ndani ya uma wa mbele na inapoubana usukani.

Ziandike kwenye simu. Muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", mtajie namba.

Mikono inakufa ganzi, shingo na mabega yanauma

Naanza na mwili kwa sababu ndio unaoamua vipuri gani vinunuliwe. Ganzi ya viganja maana yake uzito mwingi umeegemea mikono. Tazama siti kabla ya kitu kingine chochote: pua yake ikiwa imeinama mbele, unateleza na mikono ndiyo inayokuzuia usianguke. Isawazishe kwa pima maji. Haigharimu kitu, na wapo watu ambao dawa yao inaishia hapo.

Ikiwa siti iko sawa, linganisha kimo cha usukani na cha siti. Wakimbiaji wa mbio waliushusha chini sana ili kukata upepo. Wewe unayekwenda kazini au safari ya Jumapili huna haja hiyo. Shingo nyingi za baiskeli hizi ni za kuchomeka: bolti ndefu ya juu inavuta kabari iliyo chini ndani ya uma. Legeza bolti mizunguko michache, igonge kwa nyundo ya mpira au juu ya kipande cha mbao hadi kabari iachie, kisha pandisha. Usivuke alama ya mwisho iliyochongwa kwenye shingo. Ikitokeza nje, kabari inabana karibu na hesi za uma na inaweza kuupasua.

Kimo kisipotosha, zipo shingo ndefu zaidi. Nitto Technomic ya Japani imewaokoa wengi wenye baiskeli za 22.2, ambacho ndicho kipenyo cha kawaida cha shingo za kuchomeka. Za Kifaransa, Peugeot na wenzake wa miaka hiyo, ni 22.0. Shingo ya 22.2 ikigoma kuingia kwenye Peugeot, usiipige nyundo. Isugue kwa msasa pole pole pande zote hadi iteremke kwa mkono. Njia nyingine ni adapta inayochomekwa kama shingo ya kawaida huku juu ikiwa na bomba la 28.6, ambalo linapokea shingo za kisasa za urefu na mwinuko wowote. Haipendezi sana kwa macho kwenye fremu nyembamba, lakini kwa starehe naipa alama zote.

Mabega yakiuma hata baada ya usukani kupanda, basi uko mbali nao. Badili shingo ya milimita 100 au 110 uweke ya 70 au 80.

Hapo ndipo watu wengi hunaswa na kipimo cha mbano. Usukani wa zamani unaweza kuwa 25.4 au 26.0 katikati, na wa kisasa 31.8. Ukitia usukani wa 25.4 kwenye shingo ya 26.0 utakaza mpaka bolti ilie, na bado utazunguka siku utakapobana breki kwa nguvu. Dawa ni kuzungushia bati la alumini la unene wa milimita 0.3. Kinyume chake, usukani wa 26.0 kwenye shingo ya 25.4, hakina dawa: ukipanua mbano kwa bisibisi unaanzisha ufa. Na kama shingo na usukani ni vya alumini vya miaka arobaini, vikague kwa tochi kuzunguka mbano. Ukiona mstari mwembamba mweusi, hiyo ni taka.

Kuna wanaotaka kuachana na pembe kabisa na kuweka usukani wa kunyooka au wa kurudi nyuma. Ni wazo zuri kwa mjini. Ila bomba la usukani wa pembe, pale mikono inaposhika, lina kipenyo cha 23.8, na la usukani wa kunyooka ni 22.2. Vishikio vya breki vya kwanza havikai kwenye wa pili, kwa hiyo hesabu usukani pamoja na vishikio vyake. Leva za gia zilizo kwenye bomba la chini ziache zilipo. Hazijali usukani umebadilika. Usukani wa Black Mamba, baiskeli nzito ya mizigo, unavutia kwa mkao wake, lakini mara nyingi umeundwa pamoja na shingo yake na vyuma vya breki za fito, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, hautakufaa.

Magoti na makalio

Goti likiuma kwa mbele, siti iko chini au gia ni nzito. Likiuma kwa nyuma, siti iko juu. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Anzia hapo.

Makalio yakiuma baada ya kupandisha usukani, usishangae. Ulipokuwa umeinama uzito uligawanyika. Sasa umeketi wima na siti nyembamba ya mbio inakalia nyama. Mkao wa wima unataka siti pana zaidi. Nguzo za zamani sana hazina kichwa cha kushika siti, zimenyooka tu, na siti inabanwa kwa kibano chake cha pembeni. Ukinunua siti mpya, hakikisha kibano hicho kimo.

Fremu ikiwa kubwa kiasi kwamba huwezi kusimama juu ya bomba lake bila kuumia, hakuna kipuri kitakachoirekebisha. Muuzie mrefu.

Barabara yote unaisikia mgongoni

Chanzo ni tairi. Baiskeli hizi hufika na matairi ya milimita 23 au 25 yaliyojazwa psi 100 na zaidi. Tairi la 32 kwa mtu wa kilo 70 linatosheka na psi 60 hivi, na tofauti yake kwenye lami yenye mashimo ni kubwa kuliko kipuri kingine chochote utakachonunua. Kwa hiyo weka tairi pana kuliko yote linaloingia, na ubakishe angalau milimita 4 kila upande. Pima sehemu tatu: kati ya mabomba nyuma ya krenki, chini ya daraja la breki, na chini ya taji la uma wa mbele. Fremu nyingi za utalii za miaka ya 1970 zinameza 32 na madigadi juu yake. Za mashindano halisi huishia 25 au 28.

Tairi jipya halikai kwenye rimu

Ulinunua kwa jina badala ya namba. "Ishirini na nane" inauzwa kwa vitu viwili. 28 x 1½ ni ya baiskeli nzito za mizigo, Phoenix, Hero na Raleigh za fito, na kipimo chake ni 635. Tairi la 700C, ambalo nalo huandikwa 28 x 1.40 na kadhalika, ni 622. Milimita 13 hazifichiki: la kwanza linacheza kwenye rimu ya pili, na la pili halipandi kabisa kwenye ya kwanza. "Ishirini na saba" ya zamani ni 630, wakati 27.5 ya baiskeli za milimani za leo ni 584. Hata 26 inagawanyika: 559 ni ya milimani, 590 ni ya zile zilizoandikwa 26 x 1⅜.

Baiskeli yako ikiwa ya 630, matairi yapo lakini ni ya kutafuta, na chaguo la upana ni dogo. Mimi ningebadili rimu kwenda 622. Ukingo wa rimu utashuka milimita 4, nafasi ya tairi pana itaongezeka, na kazi itabaki kwa breki, tutafika huko.

Tairi likichomoka ukilijaza, chungulia ukingo wa rimu kwa ndani. Rimu nyingi za chuma za wakati ule zina ukingo ulionyooka usio na kijino cha kushika tairi, na hazivumilii upepo mwingi.

Tyubu nayo ina neno. Rimu ya mbio ina tundu la vali la takriban milimita 6 kwa vali nyembamba. Vali nene ya aina ya gari inataka 8. Watu huchimba tundu. Kwenye rimu pana si hatari, kwenye rimu nyembamba unaidhoofisha mahali pabaya. Nunua adapta ndogo ya kusokota juu ya vali nyembamba, uiache kwenye begi, na pampu yoyote ya kituo cha mafuta itakuhudumia.

Unabana breki, baiskeli haisimami

Kama ni siku ya mvua na rimu ni za chuma zinazong'aa, usisumbuke na kalipa, ile mikono ya breki inayobana rimu. Chuma chenye kromu kikilowa raba inateleza juu yake. Rimu za alumini ndilo jibu, na kama una hela ya badiliko moja tu la usalama, weka hapo.

Kama ni siku kavu, bonyeza raba kwa ukucha. Raba ya miaka thelathini imegeuka jiwe. Seti mpya ni hela ndogo.

Raba mpya zikigusa tairi, au nusu yake ikining'inia chini ya ukingo, kalipa haina urefu sahihi. Rudi kwenye kipimo ulichoandika. Kalipa fupi za mbio hufika milimita 39 hadi 49, za kati 47 hadi 57, na ndefu kama Tektro R559 hufika 55 hadi 73. Aliyehama 630 kwenda 622 anaongeza 4 juu ya kipimo cha zamani. Ikiangukia kati ya mbili, chukua ile ambayo raba zitakaa katikati ya mwanya wake wala si ukingoni. Kalipa fupi ikitosha ichukue, kwa sababu mikono mirefu hupinda zaidi.

Kalipa ya kisasa inafungwa kwa nati ndefu inayozama ndani ya fremu, ya zamani kwa nati ya kawaida nyuma. Fremu yako ina tundu la milimita 6 pande zote mbili. Ama tafuta kalipa yenye bolti ndefu na nati ya nje, ama fundi apanue tundu la nyuma tu la taji hadi milimita 8. La mbele lisiguswe.

Kishikio kikiwa kigumu kama umeshika ukuta na breki haishiki, umeweka kishikio cha V-breki (breki ya mikono mirefu ya baiskeli za milimani) kwenye kalipa. Kinavuta waya mrefu kwa nguvu ndogo. Kalipa inataka waya mfupi kwa nguvu kubwa. Kinyume chake, kishikio cha kalipa kwenye V-breki, kinalainika hadi kugonga usukani. Wanaobadili usukani wa pembe kwa wa kunyooka ndio wanaoangukia humu, maana vishikio vingi vya kunyooka vilivyo madukani ni vya V-breki. Baadhi vina sehemu ya kuhamisha kichwa cha waya ili kutumika na aina zote mbili. Hivyo ndivyo vya kuulizia.

Vichwa vya waya havifanani pia. Vishikio vya pembe huchukua kichwa chenye umbo la pea, vya kunyooka hutaka cha pipa. Waya mmoja wa kununua huja na vyote viwili, unakata usichohitaji.

Gurudumu la nyuma haliingii kwenye uma

Gurudumu la 130 kwenye uma wa 126 linakosa milimita 2 kila upande. Kwenye fremu ya chuma unaweza kuupanua kwa mikono kila unapolitia, na wengi wameishi hivyo miaka. Fundi mzoefu anaweza kuupanua moja kwa moja na kunyoosha masikio yawe sambamba. Kutoka 120 hadi 130 ni safari ndefu. Ningebaki na gurudumu la 126, ikibidi kwa kuondoa washa kwenye ekseli.

Onyo moja. Hii ni kwa chuma peke yake. Fremu za alumini zilizogundishwa, Vitus 979 kwa mfano, na za kaboni, zikipanuliwa zinaachia kwenye maungio. Sumaku itakujibu mara moja.

Kwa nini mtu ahangaike na 130? Kwa habu ya friwili, gololi za upande wa kulia ziko mbali na sikio la fremu, na ekseli inabeba uzito ikiwa haina nguzo karibu. Ndiyo maana ekseli za nyuma zinapinda na kukatika, hasa kwa wenye mizigo. Habu ya kaseti, ambayo sproketi huchomekwa juu yake badala ya kusokotwa, imesogeza gololi hizo nje. Kama wewe ni mzito au unabeba magunia, nenda kaseti. Kama sivyo, friwili ya sproketi saba kwenye 126 inatosha, inauzwa kila mahali pa vipuri vya baiskeli za milimani, na ni rahisi.

Ukiamua kujenga gurudumu upya kwa habu ya zamani, toa friwili kabla ya kukata spoku. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga, na kinachoifungua ni urefu wa gurudumu zima ukiwa umeshika rimu huku kifaa kimebanwa kwenye jiliwa. Spoku zikishakatwa huna cha kushika. Kifaa chenyewe hutofautiana: friwili ya kampuni ya Shimano ina meno mengi ya ndani, nyingine za zamani zina nafasi mbili tu ambazo hupasuka kifaa kikiyumba, kwa hiyo kifunge na nati ya ekseli.

Gia: inaruka, inatoroka, haikubali

Cheni mpya inaruka ukikanyaga kwa nguvu, hasa kwenye sproketi ndogo unazozipenda: meno yamelika pamoja na cheni ya zamani. Ungeweza kujua mapema kwa rula ya inchi. Pini ishirini na nne baada ya ile ya kwanza ziwe inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16, badili cheni peke yake. Ikifika 12 na 1/8, badili na friwili.

Gia inatoroka yenyewe ukipanda mlima: leva imelegea. Ina skrubu ya kuzungusha kwa vidole pembeni, ikaze kidogo. Usiipake mafuta, inafanya kazi kwa msuguano.

Leva zenye mibofyo hazilingani na sproketi: hapo umeingia kwenye msitu. Mfumo wa mibofyo wa Shimano ulianza na seti yao ya Dura-Ace mwaka 1984, na tangu hapo kila idadi ya sproketi ina nafasi yake. Kutoka sproketi hadi sproketi, kwa Shimano, ni milimita 5.0 kwa saba, 4.8 kwa nane, 4.35 kwa tisa na 3.95 kwa kumi. Leva za nane kwenye friwili ya saba zinakaribiana kiasi cha kuvumilika. Leva za tisa kwenye saba hazitakuwa sawa hata siku moja, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Kampuni ya SRAM nayo ilikuwa na mvuto wake wa waya tofauti na wa Shimano, kwa hiyo usichanganye leva ya huyu na derela (kihamisha cheni) ya yule bila kuuliza.

Ndiyo maana ushauri wangu ni leva za msuguano, zile zisizo na mibofyo. Zinakubali derela ya kampuni yoyote na sproketi za idadi yoyote ndani ya uwezo wa waya. Mkono unajifunza upesi, na sikio linajua gia ilipokaa.

Mibofyo ikiwa sahihi kwa hesabu na bado gia ni za kusitasita, tazama kava la waya. La gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. La breki limesokotwa mviringo na linabanika. Kava la breki kwenye gia linafanya gia ziwe tepetepe. Kava la gia kwenye breki ni hatari zaidi, linaweza kupasuka ukibana kwa nguvu. Usifanye kabisa.

Gia ni nzito mlimani. Sproketi za mbele za 52 na 42 na nyuma 14 hadi 24 zilikusudiwa vijana wa mashindano. Gia yako nyepesi kabisa ni 42 kwa 24, yaani gurudumu linazunguka mara 1.75 kwa kila mzunguko wa krenki. Friwili ya 14 hadi 28 inakushusha hadi 1.5. Ukiweka 38 mbele, 1.36, na Lushoto unapanda umeketi. Lakini krenki ndiyo inayosema kama 38 itaingia: yenye bolti tano za kipenyo cha mzunguko wa 130 hukubali 38, ya 110 hukubali 34, na ya 144 haikupi chini ya 41.

Kabla ya kununua, hesabu uwezo wa derela: tofauti ya sproketi za mbele ongeza tofauti ya za nyuma. Kwa 52 na 42 na 14 hadi 28 ni 10 na 14, jumla 24. Derela fupi ya zamani inamudu hiyo. Ukitaka friwili ya 14 hadi 34, chukua derela ya mkono mrefu ya baiskeli za milimani. Shimano Tourney ya bei nafuu huja hata na kishikizo cha kufunga kwenye ekseli, jambo linalofaa mno kwa fremu ambazo hazina sikio la derela, na Peugeot nyingi ni hivyo.

Krenki inacheza au inalia kwa kila mzunguko

Shika mikono yote miwili ya krenki uitikise. Mmoja ukicheza peke yake, bolti yake au kotapini (pini ya kabari inayoushikilia kwenye ekseli) imelegea. Mikono ikicheza pamoja, ni gololi za ndani. Kotapini zikigongwa, weka bomba zito la chuma chini ya krenki lishike pigo, la sivyo unachimba mashimo kwenye njia ya gololi.

Ndani ya bomba la krenki, kwenye hesi za vikombe vinavyoshika gololi, ndiko nchi zinapotengana. Kipimo cha Kiingereza, kinachotumiwa pia na Wajapani wengi, ni 1.37 x 24 (kipenyo, kisha hesi), na kikombe cha kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume na mazoea, kufuata mshale wa saa. Kiitaliano ni 36 x 24 na Kifaransa 35 x 1, na vikombe vya pande zote vina hesi za kawaida. Raleigh ya Nottingham ilikuwa na hesi zake, 26 kwa inchi, ambazo hazipokei kipuri cha kawaida cha Kiingereza hata ukilazimisha. Namba mara nyingi zimegongwa kwenye kikombe.

Kwa Kiingereza na Kiitaliano unaweza kununua ekseli ya kisasa iliyofungwa na gololi zake. Kwa Kifaransa na Raleigh, tunza vikombe ulivyonavyo. Visafishe, tia gololi mpya za inchi robo, kumi na moja kila upande, na grisi ya kutosha. Tupa vizingiti vya bati vinavyobeba gololi chache zaidi, zikae huru. Vikombe visipokuwa na vishimo, kazi hiyo itadumu.

Pedali pia: Kiingereza 9/16 x 20, Kifaransa 14 x 1.25. Zinafanana kiasi cha kukudanganya. Pedali ikigoma baada ya mizunguko miwili, isitishe hapo. Na ya kushoto daima ina hesi za kinyume.

Usukani unakwama ukiwa umenyooka

Gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe vya bomba la usukani, kwa hiyo uma unatafuta katikati wenyewe. Kabla ya kununua vikombe, toa vizingiti utie gololi huru. Idadi inaongezeka na haziangukii tena kwenye vishimo vilevile. Ukilazimika kununua, pima kiti cha pete juu ya taji la uma: 26.4 au 27.0. Za Kijapani mara nyingi ni 27.0, na pete ya 26.4 haitashuka.

Nguzo ya siti haitoki

Alumini imeungana na chuma kwa kutu. Mimina mafuta ya kupenya, subiri usiku kucha, rudia. Amonia hulegeza alumini iliyoshikana. Kisha funga siti ya zamani isiyo na thamani na uizungushe; kuzungusha ndiko kunakoachanisha, kuvuta peke yake hakufai. Ukiirudisha, paka grisi. Na iwe ya kipimo kilekile: pungufu ya 0.2 tu, itateremka kidogo kidogo kila safari na masikio ya mbano yatabanwa hadi yagusane.

Mlio unaobaki baada ya yote

Simama juu ya pedali ukikanyaga. Mlio ukiisha, unatoka kwenye siti au nguzo. Ukibaki, acha kukanyaga na uvute usukani kushoto na kulia: ukilia hapo ni mbano wa shingo, ambao hunyamaza ukifunguliwa, ukafutwa na kupakwa grisi nyembamba. Ukilia tu unapokanyaga, kaza kwanza bolti ndogo za sproketi za mbele na pedali zote mbili kabla ya kugusa ekseli ya krenki. Na ukiwa umepiga magoti hapo, pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na bomba la usukani. Rangi ikiwa imejikunja au imepasuka kwa mstari wa kuzunguka, fremu iligongwa mbele. Usiipande tena mpaka mchomeleaji anayejua mabomba membamba aitazame.